Ufunguo wa Nambari Kumi na Mbili

Mzee Ondieki alizikwa Birongo siku ya mvua, na mimi nilikuwa miongoni mwa watu waliosimama kwenye migomba kwa kukosa nafasi ndani ya hema. Nilikuwa nimevaa suti niliyoinunua kwa jasho langu, na nilikuwa nimekuja kwa gari langu mwenyewe kutoka Nyamira, ambako kampuni yangu ndiyo inayoitwa kwanza jengo lolote la maana linapohitaji maji. Sioni kosa katika kujisifu kwa mtu aliyefanya kazi. Lakini kijana aliyeshika kipaza sauti alikuwa akiita makundi yaje mbele kusema neno, familia, kanisa, wakwe, madereva wenzake wastaafu, majirani wa mjini, na kila kundi lilipoinuka nilijiuliza kama ni langu. Majirani wa mjini walipopita mbele, nyuso zao zilikuwa za watu waliohamia pale baada yangu. Nikabaki nilipokuwa, majani ya mgomba yakinidondoshea maji begani, nikiukumbuka mwaka mmoja wa ujana wangu ambao mzee huyo alikuwa mwenyekiti, nami nikiwa fundi, katika jengo ambalo leo watu hulipita bila kujua nani aliyelifufua. Ni mimi. Wapangaji wenzangu walichimba na kubeba, nami nawashukuru, lakini maji niliyapandisha mimi.

Mambo ya nyumbani Itumbe nitayaacha Itumbe. Ninapojihesabu, naanzia kwenye diploma yangu ya maji na mabomba, ambayo karo yake niliilipa kwa kuchuma chai ya watu wengine, na kutoka hapo naruka hadi Ghuba, ambako nilifanya kazi kwenye majumba marefu kiasi kwamba ukiwa juu humtambui mtu aliye chini. Niliporudi sikuwa nimefika miaka thelathini. Nilikuwa na akiba, na begi la vifaa ambavyo mafundi wengi wa Kisii walikuwa hawajavishika, na hamu moja. Kule Ghuba tulilala kwenye vitanda vya juu kwa chini, wanaume wa lugha nyingi katika chumba kimoja, na mlango wetu haukufungwa kamwe kwa sababu kila saa kulikuwa na mtu anayekwenda zamu na mwingine anayerudi. Usiku ule mrefu wa miaka nilikuwa nikiwaza mlango. Nilitaka mlango ambao ufunguo wake ungekaa mfukoni mwangu, na nyuma yake chumba ambacho ningeweza kumwambia mtu, karibu, keti.

Nilipanga nyumba mjini Kisii, katika jengo la ghorofa nne lililokaa kwenye mteremko, upande mmoja likitazama soko la Daraja Mbili na upande wa pili, ukungu ukiondoka, likitazama miamba ya Manga kule Nyamira. Mwenye jengo alikuwa amezeeka na kuhamia kwa mwanawe Kisumu. Hakuwa na nguvu ya kulitengeneza wala moyo wa kuwafukuza watu, kwa hiyo wapangaji waliungana, wakaandikisha chama cha ushirika, wakapatana naye walinunue kidogo kidogo na kuliendesha wenyewe. Lilikuwa jengo la kusikitisha. Maji yalifika ghorofa ya chini tu, tena siku yalipopenda, na ngazi zilikuwa na utelezi wa jerikeni zilizomwagika kabla ya kufika juu. Nambari kumi na mbili ilikuwa juu kabisa, vyumba viwili na jiko, dari limevimba kwa mvua kama mkate uliolowa. Hakuna aliyeitaka. Mimi niliitaka tangu siku ya kwanza, kwa sababu ya dirisha lake la Manga na kwa sababu fundi mzuri huona nyumba itakavyokuwa.

Mkutano wangu wa kwanza ulifanyika uani, chini ya mabati ya kuanikia nguo. Nikasimama nikawaambia kwamba nina diploma, kwamba nimefanya kazi Ghuba, na kwamba wakinipa watu wa kuchimba na kubeba, maji yatafika hadi paani.

"Mwoneni Mwarabu," akasema Mama Kerubo, muuza ndizi wa ghorofa ya pili, mwanamke mnene mwenye sauti ya kufika soko zima. "Ngamia wako umemfunga wapi?"

Watu wakacheka. Asiyecheka alikuwa Nyakundi, mweka hazina, mwenye duka la vipuri vya baiskeli. Alinitazama kuanzia viatu kwenda juu.

"Umeoa?"

"Bado."

"Basi wewe ni mpitaji. Kapera ni mgeni wa hoteli. Asubuhi unakuta kitanda kimetandikwa, mtu hayupo."

Mzee Ondieki alikuwa ameketi kwenye gurudumu kuukuu la lori, kofia magotini. Alikuwa ameendesha malori ya majani ya chai maisha yake yote, na hata kwenye kamati alizungumza kama anayeteremka mlima, polepole, mguu karibu na breki.

"Nyakundi," akasema, "maji hayaulizi nani ameoa. Kijana, utaanzia wapi?"

Nikamwonyesha. Tangu hapo hakuna aliyebisha tena kuhusu mabomba.

Mzee Ondieki ndiye aliyeileta risaga mjini. Kwetu mashambani, majirani hulima pamoja shamba la mmoja leo na la mwingine kesho, na mwenye shamba huwapikia. Yeye akasema vyumba vina tofauti gani na mashamba? Tukakubaliana kila Jumapili tutengeneze nyumba moja. Jumamosi Wasabato walikuwa kanisani, na Jumapili tuliwasubiri Wakatoliki watoke misa ya kwanza, halafu kazi ikaanza. Mwenye nyumba alipika. Jioni watu wakaketi ndani ya kuta mpya, wakala, na wakishakula mwenyekiti alimkabidhi mwenyeji ufunguo mbele ya wote. Kamati iliandika jambo hilo kuwa sheria. Nyumba ambayo majirani hawajala ndani yake ingebaki ya chama, na chama kingeweza kumpa mtu mwingine. Nyumba yangu, kwa kuwa ilikuwa juu na dari lake lilitaka kazi kubwa, iliwekwa mwisho.

Kwa hiyo mwaka ule nilikula katika nyumba za watu wote. Nikifumba macho bado nazitambua kwa harufu, ya chini ikinuka mafuta ya cherehani, ya Mama Kerubo ikinuka ndizi zinazoivishwa chini ya kitanda, nyingine sabuni ya watoto, na zote zikinuka saruji mbichi. Tulikula ugali wa wimbi na chinsaga, mboga chungu ya kwetu, iliyochachishwa kwa maziwa, au kuku aliyekimbizwa asubuhi ileile. Mimi niliheshimiwa. Nilipewa firigisi na kiti chenye mgongo. Watu walizungumza Kikisii cha haraka kuhusu posa, shule, mchungaji mpya, ng'ombe wa nani aliyezaa, na mimi, ambaye kwa miaka nilikuwa nimeongea Kiingereza cha kazini na Kiarabu cha kuombea maji ya kunywa, nilikuta utani wangu unafika wakati wengine wameshahama. Nilipofungua mdomo walinyamaza ili wanisikilize, kama watu wanavyomsikiliza daktari. Halafu sahani ziliondolewa, watoto wakaegemea mapaja ya mama zao, na mimi nikapanda ngazi kwenda kulala chini ya dari langu lililovimba. Hakuna aliyenifukuza. Ila hakuna aliyewahi kusema, mbona unaondoka mapema?

Siku maji yalipopanda, nilikuwa juu, peke yangu, kwa sababu fundi lazima awe kwenye bomba la mwisho kuangalia nguvu ya maji. Nilifungua koki, ikakohoa kutu, ikatoa uzi mwembamba, kisha maji yakaja meupe yenye kelele. Nawaambia, sijawahi kuona kazi safi kama ile, hata Ghuba. Wakati huohuo nikasikia jengo zima likipiga vigelegele chini ya miguu yangu. Mama Kerubo alitupa jerikeni yake dirishani ikaanguka uani, akapaza sauti, "Mwarabu ameleta mto!" Walikuwa wakicheza kwenye ngazi. Nilikaa kitambo nikiwasikiliza, mkono wangu ndani ya maji, nikingoja mtu apande. Niliposhuka walikuwa wameshaingia kila mmoja kwake kuosha vyombo.

Mabomba hayo niliyapitisha katika shimo moja lililopanda ndani ya ukuta kutoka chini hadi jikoni kwangu, na pamoja na maji lilipandisha maneno. Sikuwa mtu wa kusikiliza watu, lakini mtu anayekula peke yake hana kelele ya kuziba masikio. Jioni moja nikaisikia sauti ya Nyakundi. Alikuwa akimweleza Mama Kerubo kwamba ndugu yake anahamishiwa mjini kutoka Nyamache, na mke na watoto.

"Na nyumba ziko wapi?" Mama Kerubo akauliza.

"Kumi na mbili."

"Hiyo ni ya fundi."

"Ni ya fundi kwa nani? Itakuwa yake tukila ndani yake. Haya, nani atapika? Atatuagizia chipsi?"

Mama Kerubo akacheka. Alicheka kwa namna ambayo mtu hucheka jambo la kweli. "Maskini Mwarabu. Amlete basi yule ngamia akoroge ugali."

"Kapera anaweza kulala popote," Nyakundi akasema. "Tutampa kile chumba cha kando ya pampu. Si anapenda mabomba?"

Nikaweka kijiko chini. Kile chumba cha pampu nilikuwa nimekijenga mwenyewe. Hakikuwa na dirisha.

Kesho yake Mama Kerubo alinikuta kwenye ngazi, na nadhani moyo ulikuwa umemsuta, maana alinishika mkono. "Sikiliza, siku ya risaga yako nitapika mimi kwangu, nipandishe sufuria juu. Watu wakishakula, mambo yaishe."

"Asante, mama. Nyumba ni yangu, sufuria pia itakuwa yangu."

"Utapika wewe?"

"Mimi."

"Wewe mwanaume mzima wa Kisii, mbele ya wazee, na mwiko mkononi?" Akaachia mkono wangu. "Haya. Mungu akuone."

Sikubadili nia, na hata leo singeibadilisha. Nyumba ambayo chakula chake kimetoka ghorofa nyingine ingekuwa yangu kwa kuazima. Na kupika nilijua. Kule Ghuba siku za Ijumaa niliwapikia wanaume wa chumba chetu, Wanepali na Wahindi na Waganda, wakapigania ukoko.

Jumapili yangu ilipofika, jengo zima lilipanda. Walifanya kazi vizuri kuliko walivyofanya kwa mtu yeyote, na mimi nilikuwa mkali kwao kuliko nilivyokuwa kwa mtu yeyote. Dari likashushwa, mbao mpya zikapigwa, plasta ikanyooshwa hadi ukitembeza kiganja hukwami. Katikati ya kazi nilikuwa naingia jikoni na kutoka. Nilipika wali na nyama ya mbuzi kwa namna ya Ghuba, kwa iliki, vitunguu vya kukaangwa hadi vikawa kahawia, na ndimu kavu nilizorudi nazo na ambazo nilikuwa nimeziweka kwa ajili ya siku ambayo sikuijua. Nilinunua sahani mpya. Nikaazima vigoda, nikavipanga kando ya kuta zote, kimoja kwa kila mtu. Nikatandika mkeka mkubwa. Dirishani Manga ilikuwa imeoshwa na mvua ya alasiri, inaonekana wazi. Nikavua aproni ya kazi, nikavaa shati jeupe, nikafungua mlango wangu wote.

"Karibuni," nikasema. "Karibuni chakula."

Wazee walikuwa koridoni. Walikuwa wakilitazama dari kutoka nje, wakilisifu, wakionyeshana kwa vidole, na hakuna aliyeinua mguu. Mzee Ondieki alikuwa mbele yao, kofia mkononi. Vijana, walipoona wazee hawaingii, nao wakasimama mlangoni. Nikarudia: karibuni. Nikachukua sahani ya kwanza nikaijaza, nikampelekea Mzee Ondieki palepale aliposimama, nikamwonyesha kigoda. Akaipokea kwa mikono miwili, akanishukuru, akabaki koridoni. Ndipo wanawake wakaanza. "Ngoja niwapelekee watoto," mmoja akasema, akafunika sahani na kushuka. "Mimi nitakulia kwangu, mgongo unaniuma." Mama Kerubo alijaza yake hadi ikawa mlima, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba inanukia vizuri, naye akashuka. Nilikuwa nimesimama katikati ya chumba na mwiko mkononi, nikipakua, na kila sahani niliyoipakua ilitoka nje. Mvuke ulikuwa ukipanda kwenye dari jipya. Vigoda vilikuwa vimekaa kando ya kuta vikitazamana.

Nyakundi akasogea hadi kizingitini. Akazungumza Kiswahili, lugha ya kamati, ili jambo liwe rasmi.

"Mwenyekiti, sisi sote tumeshuhudia. Sheria inasema majirani lazima wale ndani. Chakula kimebebwa, hakuna aliyeketi. Sina ubaya na fundi. Lakini kwa sheria yetu wenyewe, nambari kumi na mbili imebaki ya chama."

Nilimtazama Mzee Ondieki, ambaye bado alikuwa ameshika sahani yangu bila kuila, na nikajiambia kwamba ni kweli, hata yeye hakuingia. Tayari nilikuwa nakunja nguo zangu kichwani, nikipanga kipi kitatoshea katika chumba cha pampu.

"Nyakundi," mzee akasema, "mwanao mkubwa amejenga kule Nyamache?"

"Amejenga."

"Umewahi kuketi ndani ya nyumba yake ukala?"

Nyakundi akafikiri kwamba anafanyiwa mzaha. "Mzee, unajua haiwezekani. Mimi ni baba yake."

"Sasa kwa nini umeshangaa kuniona nimesimama hapa?"

Maji yalikuwa yakitiririka mahali fulani chini, mtu akiosha mikono.

"Kijana huyu ningemhesabu mgeni," mzee akaendelea kwa mwendo wake uleule wa kuteremka mlima, "ningeingia. Ingekuwa hoteli kama unavyosema, ningeingia, ningeketi kiti cha mbele, ningeagiza na soda. Huyu amekula kwa mke wangu mwaka mzima. Ameingia kwangu kama watoto wangu wanavyoingia, anaulizia chumvi. Nikimwambia mke wangu leo kwamba niliingia nyumbani kwa kijana huyu nikanyoosha miguu, atanicheka. Na hawa wazee wenzangu ni vilevile. Wanawake wameona wazee wako nje. Ulitaka waketi wakitutafunia mbele ya macho?" Akatoa ufunguo mfukoni. "Andika hivi. Chakula kimeliwa. Nyumba ni ya mwana wa hapa."

Akaniita kwa kidole. Nilitoka hadi kizingitini, naye akauweka ufunguo mkononi mwangu bila kukivuka. Nyakundi alikuna shavu, akasema basi, kama wazee wameona hivyo, na akashuka ngazi polepole. Sikumchukia. Ndugu yake alipata nyumba mtaa wa chini, karibu na shule.

Desturi hiyo ya heshima, inayomzuia baba kuketi na kula ndani ya nyumba ya mwanawe, na ambayo kwetu huitwa chinsoni, niliijua tangu utotoni, kama kila mtu wa kwetu anavyoijua. Sikuwahi kufikiri inanihusu. Baba anayesimama nje ya mlango lazima awe baba wa mtu, na mimi, nilipopanga vigoda vile siku ile, nilipanga vya wageni. Nimefikiri sana juu ya jambo hili kwa umri nilio nao. Niliishi katika nyumba ile hadi kampuni yangu ilipokua, na katika muda wote huo hakuna mzee hata mmoja wa jengo lile aliyeketi ndani yake. Walipita koridoni, wakabisha kwa fimbo, wakaniuliza hali wakiwa wamesimama, wakaondoka. Nilikuwa na mlango niliouota na chumba nilichokitengeneza kwa mikono yangu, na kila aliyenipenda alibaki nje yake. Sasa nina nyumba kubwa Nyamira, yenye vyumba vingi kuliko watu. Wageni huja, huingia moja kwa moja, huketi, husifu vigae, hunywa chai yangu na kwenda zao. Wanaingia bila shida yoyote.

Lakini jioni ile, watu wote walipokwisha kushuka, nilirudi ndani kuanza kuokota vigoda, nikasikia mtu akikohoa. Mzee Ondieki alikuwa hajaondoka. Alikuwa bado koridoni, na sahani yake.

"Kuna kigoda cha kuazima?" akauliza.

Nikampitishia kimoja mlangoni. Akakiweka nje, kando ya fremu, akaketi akinipa mgongo, uso kwenye ngazi, kama inavyotakiwa. Mimi nikaketi ndani, nyuma yake, hatua chache kutoka kizingitini, na sahani yangu magotini. Nilikuwa sijala tangu asubuhi. Tukaanza kula. Nilimwona tu mabega yakienda.

"Hiki kichungu ni nini?"

"Ndimu, mzee. Zimekaushwa kwa jua."

"Mnakausha ndimu." Akatafuna, akafikiri. "Huko Ghuba mlikuwa mnakula na nani?"

"Na watu wa zamu."

"Mh," akasema.

Tukaendelea kula. Koridoni kulikuwa kumeanza kuingia giza, na kutoka chini ilipanda harufu ya wali wangu kutoka nyumba zote. Halafu bila kugeuka, akanyoosha mkono nyuma, akaivusha sahani tupu juu ya kizingiti, akaishikilia pale hewani, nami nikaipokea, nikaijaza tena.